Michirizi Niliyoifuta kwa Tupa

Jumapili, 8 Juni 2014

Emiliana, mwenzangu wa chumbani, kanipa daftari hili. Anasema hofu zangu niziandike humu nimwache alale. Haya, naanza. Naogopa lifti. Namwogopa paka wa jikoni. Naogopa radi, hata ya nchi hii inayopiga mara mbili kwa mwaka. Sasa na alale.

Leo kazini Al Quoz limekuja lori kutoka Ajman, limejaa vitu vya meli zilizokatwa: madirisha ya duara, kengele, usukani uliooza. Hiyo ndiyo biashara yetu. Arbab Musallam, bosi wetu, ananunua kutu, mimi naisugua mpaka ing'ae, na wenye hoteli na mikahawa wanaitundika ukutani. Huu ni mwaka wa sita nasugua shaba na vidole vyangu havinuki kitu kingine. Safari hii katikati ya madirisha limo kombora la manowari. Linanifika pajani, ncha imechongoka, na karibu na kitako limevikwa mkanda wa shaba nyekundu. Arbab anasema watu wanaochimba njia ya meli ndio walilizoa kwenye mchanga wa bahari.

Arbab ni Mwarabu wa hapa hapa, lakini bibi yake alizaliwa Unguja na Kiswahili chake kinanishinda mimi wa Tanga. Macho yake yana ukungu siku hizi, kwa hiyo vitu anavipapasa. Kaupapasa ule mkanda akasema, "Mwanangu, hapa pana mikwaruzo ya nanga. Iondoshe, pawe laini."

Nimeitazama baada ya yeye kuondoka. Ni michirizi, imelala upande mmoja yote, imezunguka mkanda mzima, na nafasi kati yake ni sawasawa. Sijui ni nanga gani inayokwaruza kwa rula. Lakini arbab kasema laini, basi laini.

Jumatatu, 9 Juni

Tupa kutwa nzima.

Jumanne, 10 Juni

Tupa, halafu msasa. Bega linauma.

Alhamisi, 12 Juni

Mkanda umekuwa laini, unaweza kujitazama ndani yake. Arbab kanisifu mbele ya watu.

Ibra na mwenzetu Elisante walikuwa wanalihamisha kwenye meza yangu, likawaponyoka likagota sakafuni. Zege limechimbika. Tukacheka, Elisante akasema afadhali halikuangukia kidole.

Niseme Ibra ni nani, kama daftari hili litakuja kusomwa. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, ana miaka thelathini na moja, mkewe na watoto wawili wako Tanga. Hodari wa kutoboa chuma. Kazi hii nilimwombea mimi, na mama nilimwambia mimi kwamba nitamtunza. Kaja Machi kwa visa ya kutembea, arbab kaahidi kumwandikia karatasi za kazi, na mpaka leo ni inshallah.

Alhamisi, 19 Juni

Kombora limepata mteja. Mkahawa mpya kule Deira, unaotazama khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, unalitaka liwe taa ya kusimama mlangoni. Unafunguliwa Idi. Ibra atalitoboa kutoka kitakoni mpaka kwenye ncha, Elisante fundi umeme atapitisha waya, juu itakaa balbu na kivuli chake. Arbab kamwambia Ibra, taa hii ikikamilika, karatasi zako naandika. Ibra anapiga mluzi tangu mchana.

Jumapili, 22 Juni

Jambo dogo, lakini limenikwama.

Nilimuuliza arbab kama hili kombora lina kitu ndani. Kasema, "Chuma kitupu hicho, mwanangu." Nikatulia. Baadaye Elisante anapima waya wake, nikamuuliza, hutapata shida kupitisha? Kasema, "Shida hamna, dada. Arbab kasema kitupu. Ndani ni wazi, waya unapita wenyewe."

Nimerudi kwenye meza yangu nikawa nasugua kengele huku nawaza. Arbab kwa kitupu anataka kusema ni chuma mwanzo mwisho, hakina tundu. Elisante kwa kitupu kaelewa hakina kitu ndani. Wote wawili wametulia kwa neno moja, na haiwezekani wote wawe sawa. Na mimi nimeuliza watu wawili, wala hakuna hata mmoja aliyekitazama.

Jumanne, 24 Juni

Getini kwetu analinda Mkenya anaitwa Gerishom, mtu mzima, mpole. Kabla ya ulinzi alikuwa jeshi la majini Mombasa. Leo nikimpelekea chai kaniuliza, "Sista, ile shell ililetwa na lori mlipeleka wapi?" Nikamwambia inafanywa taa. Kikombe kikasimama hewani.

"Mimi nilikaa Mtongwe miaka kumi na mbili, store ya risasi," akasema. "Ile ni design ya zamani sana, ya kutoboa meli. Mbele ni ngumu, imeshiba, ndio ipasue chuma. Watu wakiona vile wanadhani yote iko solid. Lakini huku nyuma iko na tumbo la baruti, na fyuzi yake inakaa huko nyuma, kwa kitako."

Nikamwambia fyuzi ninayoijua mimi ni ya umeme. Akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Si hiyo. Sikiza. Unapanda basi la kampuni kila asubuhi, sindio? Weka basi kwa akili. Ndani ya fyuzi kuna nyundo ndogo kama kidole, iko na sindano. Mbele ya nyundo kuna baruti kidogo sana, yenye hasira. Ikiguswa na sindano inawaka, inawasha ile ya tumbo. Sasa ili watu wasife wakiibeba, nyundo imefungwa na makufuli. Mzinga ukipiga, ni kama dereva ametoa basi kwa nguvu. Nyinyi wote mnaenda wapi?"

"Tunarudi nyuma."

"Kufuli ya kwanza inarudi nyuma, inafunguka. Halafu mzinga uko na mifereji ndani, inazungusha shell ikitoka. Ni kama basi kwa roundabout. Mnaenda wapi?"

"Tunalalia pembeni."

"Kufuli ya pili inaenda pembeni, inafunguka. Saa hii nyundo imeshikwa na spring nyembamba tu. Shell ikigonga meli, hiyo ni brake. Nyundo inaenda mbele. Khalas."

Nikamuuliza, na kama haikugonga meli, imeanguka majini? Akasema maji mengine si breki ya kutosha, linazama tu likalala. "Lakini makufuli hayajirudishi, sista. Hiyo ndio mbaya. Shell yenye haijawahi kupigwa unaweza ishi nayo. Ile ilipigwa ikakataa kulipuka, hiyo inangojea brake. Miaka hamsini, miaka mia, inangojea tu. Na spring inaoza."

"Utajuaje kama ilipigwa?"

"Rahisi. Kuna mkanda wa copper. Ile mifereji ya mzinga inaukata. Ukiona michirizi imelala upande, spacing moja, hiyo ilitoka kwa mzinga. Kama mkanda ni smooth, relax." Akaninyooshea kikombe. "Ya kwenu iko aje?"

Nilitaka kusema ni laini. Leo ni laini kweli. Nikasema, "Ilikuwa na michirizi. Nimeifuta mimi, kwa tupa."

Gerishom alitazama karakana yetu, akatazama kibanda chake, akawa kama mtu anayepima mwendo kati yake. Na mimi nikakumbuka lile zege lililochimbika, na tulivyocheka.

Jumatano, 25 Juni

Nimehamisha meza yangu mpaka mlangoni. Nimesema nafuata upepo.

Alhamisi, 26 Juni

Nimemwambia Ibra kila kitu, basi, breki na makufuli. Kanisikiliza mpaka mwisho, halafu kasema, "Dada, wewe hata lifti hupandi." Elisante alikuwepo, akaongeza lake: "Fyuzi ya miaka mia si imeshakufa, dada? Fyuzi ikiungua haipitishi kitu. Iliyokufa ndiyo salama." Nikamwambia hii ni kinyume, hii ikishafanya kazi nusu ndiyo inaua. Akaniambia hakuna fyuzi ya namna hiyo, na yeye ana cheti cha umeme cha VETA.

Nikamvuta Ibra kando nikamwambia nitakwenda polisi. Hapo hakucheka. "Polisi wakija wataanza na pasipoti. Visa yangu inakwisha tarehe thelathini, na arbab kasema taa kwanza. Unataka nirudi kwa mama na begi moja?" Nimemkasirikia arbab, nimejikasirikia mwenyewe, na tupa nimeitupa nyuma ya kabati nisiione.

Jumapili, 29 Juni

Ramadhani mosi. Arbab kampeleka mkewe Salalah kwenye baridi, atarudi katikati ya mwezi. Bati la paa linalia kwa joto, kila likilia naruka. Wenzangu wanadhani ni saumu.

Jumanne, 1 Julai

Visa ya Ibra imekwisha jana. Arbab kwenye simu: inshallah.

Alhamisi, 3 Julai

Sitaki kuiandika siku hii lakini kichwani haitoki.

Nimeingia asubuhi nikakuta kombora limebanwa kwenye jiliwa, kitako juu. Chini kabisa lina kizibo cha duara chenye vishimo viwili, na mimi mwenyewe niliking'arisha nikidhani ni pambo. Ibra katengeneza spana ya meno mawili, kaingiza kwenye vile vishimo, anavuta. "Kama kuna tumbo, nafungua tuone," kasema. "Si ulitaka tutazame?" Akavuta kushoto kama inavyofunguliwa kila skrubu duniani. Haikwenda. Akachukua nyundo akapiga mpini wa spana.

Pigo la kwanza nililisikia kwenye meno. Pigo la pili. Ninaandika hapa kweli yangu: niliwaza kukimbia nimwache. Niliutazama mlango, ndugu yangu yuko nyuma yangu, nikawaza ni hatua nne. Pigo la tatu spana ikavunjika jino moja, Ibra akatukana, akakumbuka kafunga, akaomba msamaha kwa Mungu. Akaenda kutawadha.

Nimemsimulia Gerishom. Kauliza alikuwa anazungusha upande gani. Nikamwonyesha. Akafumba macho. "Zingine za hivyo zimefungwa kinyume, ili mzunguko usizilegeze. Alikuwa anaikaza. Shukuru Mungu hakujua."

Nilimwomba apige simu polisi yeye, ana sauti ya kiserikali. Kasema kampuni yao inakataza walinzi kuingilia mambo ya wapangaji, na ana watoto watatu shuleni Vihiga. Sikumlaumu. Mimi niliutazama mlango.

Jumanne, 8 Julai

Nimejifunza kufunga mlango wa bati bila kelele. Toroli nimeliwekea vitambaa magurudumuni. Ibra ananiita mama wa kombora.

Jumapili, 13 Julai

Arbab karudi. Sikungoja avue kiatu. Nilimpigia magoti ofisini kwake nikamuuliza, "Arbab, uliposema chuma kitupu, ulitaka kusema hakina kitu ndani, au ni chuma chote?"

"Chuma chote, bibi we. Risasi za kale zote zilikuwa hivyo, donge la chuma."

"Basi kizibo cha nini chini? Donge halina kizibo."

Nikamweleza michirizi. Akasema hakuiona, aliipapasa tu, na nanga hukwaruza. Nikasema ilikuwa sawasawa kama mistari ya daftari. Akasema kwa upole kabisa, "Nionyeshe." Sasa nimwonyeshe nini? Mkanda ule unang'aa kwa kazi ya mikono yangu na yeye mwenyewe alinisifu. Akaniambia nipunguze kukaa na mlinzi, wanajeshi wana hadithi nyingi. Ibra atatoboa Jumatatu ya wiki ijayo, drili ndefu imeshaagizwa.

Zamani nilimwona arbab mtu mkubwa. Leo nimemwona mzee asiyeona vizuri ambaye hataki kusema haoni.

Jumatano, 16 Julai

Drili imefika.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya mapumziko. Nimefuturu na Ibra chumbani kwao, wali na samaki aliopika mwenyewe. Kanionyesha kwenye simu picha ya mwanawe mdogo akivaa viatu alivyompelekea. Kasema karatasi zikitoka atamleta mkewe hata kwa mwezi mmoja, amwone amekuwa mtu. Nilikula kila alichoniwekea. Nikimtazama namwona kwenye jiliwa, na nikiacha kumtazama namwona hivyo hivyo.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwomba kwa mara ya mwisho aumwe kesho, aseme tumbo. Kanijibu bila hasira, "Dada, umenileta huku nifanye kazi. Niache nifanye kazi."

Jumatatu, 21 Julai

Saa moja na nusu asubuhi Ibra alikuwa anachora alama ya kutobolea, pembeni kidogo ya kile kizibo. Bomba la maji ya kupoozea chuma lilikuwa tayari linadondoka. Nilitoka nje, nikasimama juani, nikapiga 999.

Akapokea mwanamume kwa Kiarabu, halafu Kiingereza. Maneno yote niliyoyapanga wiki nzima yakatoka kichwani. Nikasema bomb. Nikasema old bomb, from ship, my brother is making hole. Akaniuliza jina, nikampa. Akaniuliza mahali, nikampa. Akasema mwambie aache sasa hivi, na mtoke wote. Nikarudi ndani mbio. Sijawahi kukimbilia kitu ninachokiogopa, leo ndiyo mara ya kwanza. Nikachomoa waya wa drili ukutani, nikasimama mbele ya ile soketi na plagi mkononi.

"Polisi wanakuja," nikamwambia. "Nimewaita mimi."

Ibra hakunigusa wala hakupaza sauti. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema, "Umeniua, dada."

Magari yalifika kabla hatujavuka barabara. Wametutoa sisi na karakana zote za jirani, watu zaidi ya mia mbili kwenye jua la kiangazi, wengi wamefunga. Wakaingia wawili waliovaa mavazi mazito. Sisi wengine wakatupanga kivulini kukagua vitambulisho. Mstari ulikuwa mrefu na niliuona unamfikia Ibra mtu mmoja baada ya mwingine. Pasipoti yake ilifunguliwa, ikatazamwa, ikatazamwa tena. Wakampeleka kwenye gari lingine. Alipita mbele yangu akitazama viatu vyake.

Jumatano, 23 Julai

Arbab kaitwa kituoni mara mbili. Leo kaja mpaka mlangoni kwetu, yeye ambaye hata mtaa wetu haujui, akanieleza akiwa amesimama. Walilipiga picha ya kuona ndani. Tumbo lilikuwa limejaa. Makufuli yote mawili yalikuwa wazi na nyundo imeegemea chemchemi iliyooza nusu. Jana wamelilipua jangwani. Ofisa kamwambia drili isingeingia hata urefu wa kidole kabla halijalipuka.

"Nilikwambia unionyeshe," akasema. "Nawe ulikuwa ushanambia." Nikamuuliza habari za Ibra. Kasema faini kaisimamia yeye, lakini kumtoa hawezi, lazima aondoke, na karatasi alizikalia mno. Alisema hivyo mwenyewe: nilizikalia mno. Sikumwambia si kitu.

Jumamosi, 26 Julai

Nimempelekea Ibra begi lake uwanja wa ndege. Askari alikuwa pembeni, kwa heshima, anatazama kwingine. Nikamweleza yote aliyoyasema arbab, tumbo, makufuli na chemchemi.

"Wanasema," kanijibu. "Nani aliona?"

"Ibra, mdogo wangu."

"Mama alikuambia unitunze. Umenitoa kama mwizi, mbele ya watu wote." Akachukua begi. Nilitaka kumshika mkono, akauhamisha. Nimekaa kwenye viti vya pale mpaka ndege yake ikafutika kwenye ubao.

Jumatatu, 28 Julai

Idi. Emiliana kanipikia pilau, Mkristo wa watu. Nimempigia Ibra mara nne. Hapokei.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo nimeona nimpigie mama. Kaniambia Ibra amefika salama, amekonda, na kwamba tangu arudi hataki kusikia jina langu, nimpe muda. Sauti ya mama ilikuwa na lawama lakini alijitahidi kuificha. Nyuma yake niliwasikia watoto, sahani, na kijiko kinagonga bakuli.

"Mama, yupo hapo?"

Mama akaondoa simu sikioni, nikamsikia akiuliza. Halafu nikaisikia sauti ya Ibra, nene, mdomo umejaa chakula, imekasirika vilevile: "Mwambie sipo."

Nilikaa chini. Emiliana akaja kuniuliza kuna nini, nikamwonyesha kwa mkono aninyamazie, nisikie zaidi. Alikuwa anamwambia mwanawe asogeze bakuli.

"Kasema hayupo," mama akasema, maana hajui kudanganya.

"Sawa, mama," nikamwambia. "Nitapiga tena kesho."